‘Wait me’, ‘listen me’: Kosa la mtoto linaloanzia kwenye kitenzi

MTOTO anayesoma katika shule nyingi za msingi za Serikali hapa nchini hufundishwa hesabu, sayansi na masomo mengine kwa Kiswahili. Akichaguliwa kwenda sekondari, mambo yanageuka. Karibu kila kitabu anachokabidhiwa Kidato cha Kwanza kimeandikwa kwa Kiingereza, na kabla miaka miwili haijatimia anakaa kwenye upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili.

Hapo katikati ndipo wazazi wengi wanapoanza kuona wino mwekundu. Mtoto aliyekuwa akishika nafasi za juu anarudi nyumbani na daftari lililojaa makosa. “Wait me” imekatwa. “Listen me” imekatwa. “I have seen” imewekewa alama ya kuuliza pembeni.

Maelezo yanayotolewa nyumbani huwa mafupi: mtoto hajitumi, au simu imemharibu. Baba anatishia, mama anatafuta hela ya tuisheni. Ni wachache wanaofungua daftari na kuuliza makosa yenyewe ni ya namna gani.

Anayefungua na kuyapanga atakuta kwamba mengi yana chanzo kimoja. Yanatokea kwenye kitenzi na neno linalokifuata. Mtoto anaandika Kiingereza kwa kanuni za Kiswahili, lugha ambayo kanuni zake anazijua vizuri sana. Kwa sababu hiyo mzazi anaweza kumsaidia, hata yule ambaye Kiingereza chake mwenyewe kiliishia darasa la saba.

Juma na ugali

Mfano mwepesi ni wa mezani. Mtu akisema “Juma ameula ugali”, sentensi ina sehemu tatu. Juma ndiye mtendaji, naye huitwa kiima. “Ameula” ni kitenzi. Ugali ndio uliopatwa na tendo lenyewe, na katika sarufi huitwa yambwa.

Kwenye daftari la Kiingereza la mtoto, yambwa hiyo itaandikwa “object”. Pale tendo linapoiangukia moja kwa moja, kama ugali ulivyoliwa, itaandikwa “direct object”. Wanafunzi wa Kenya huijua kwa jina la shamirisho kipozi. Majina ni mengi lakini kitu ni kilekile.

Sasa mtu akigeuza na kusema “Ugali ameula Juma”, hakuna atakayeshtuka. Kila aliyepo mezani anaelewa kwamba Juma ndiye aliyekula. Sababu imo ndani ya kitenzi: a-me-u-la. Ile “a” ya mwanzo inamwelekeza msikilizaji kwa Juma, na ile “u” ya katikati inamwelekeza kwenye ugali. Maneno yanaweza kuhama, kitenzi bado kinakumbuka nani alifanya nini.

Kitenzi cha Kiingereza hakina “u” hiyo. “Juma ate the ugali” ni sawa. Lakini “The ugali ate Juma” maana yake ni kwamba ugali umemla Juma. Nyumbani watoto watacheka. Kwenye mtihani sentensi ya namna hiyo inapoteza alama, hata kama mtoto alijua vizuri alichotaka kusema.

Kiingereza kinategemea nafasi. Kwa kawaida mtendaji anakaa kwanza, kitenzi kinafuata, yambwa inakuja baada ya kitenzi. Ukihamisha neno, umehamisha na maana.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale, kile cha zaidi ya miaka 900 iliyopita, kilikuwa na viambishi mwishoni mwa majina vilivyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa, hivyo maneno yaliweza kuhama kwa uhuru zaidi. Viambishi hivyo vilikufa polepole na mpangilio wa maneno ukachukua kazi yake. Mabaki yake bado yanaonekana kwenye maneno kama “him”, “them” na “whom”.

Swali la kuanzia: nini, au nani?

Njia ya kuitafuta yambwa ni kukishika kitenzi na kukiuliza “nini?” au “nani?”

“Asha bought bread.” Asha alinunua. Alinunua nini? Mkate. Yambwa imepatikana.

“The teacher called Juma.” Mwalimu aliita. Alimwita nani? Juma. Yambwa imepatikana.

“The baby slept.” Mtoto alilala. Alilala nini? Swali lenyewe halina maana. Hapa hakuna yambwa, na haihitajiki.

Kwa swali hilo vitenzi vinagawanyika makundi mawili. Vile vinavyobeba yambwa huitwa vitenzi elekezi. Miongoni mwake kwa Kiingereza ni “buy”, “bring”, “carry”, “want”, “need”, “cut” na “wash”. Vile visivyobeba huitwa vitenzi si elekezi, kama “sleep”, “arrive”, “cough”, “fall” na “die”.

Vipo vinavyokwenda kote kuwili. “Mother is cooking” inatosha, na “Mother is cooking beans” pia inatosha.

Katika kundi hili la tatu kuna vitenzi vinavyowasumbua watoto kwa sababu Kiswahili hubadilisha mkia wa kitenzi. Kiswahili husema “Juma amevunja kikombe”, kisha “Kikombe kimevunjika”. Husema “Asha amefungua mlango”, kisha “Mlango umefunguka”. Kiingereza hakiongezi mkia huo. Ni “Juma broke the cup” na “The cup broke”. “Asha opened the door” na “The door opened”. Kitenzi ni kilekile. Kinachobadilika ni nani amekaa mbele na kama kuna kitu nyuma.

Majibu yanayodanganya

Swali la “nini?” lina mitego miwili ambayo mzazi anapaswa kuijua kabla hajaanza kulitumia.

Mtego wa kwanza ni mahali na wakati. Katika “Juma runs every morning”, kuna maneno baada ya kitenzi, lakini “every morning” inajibu swali la lini. Katika “Asha slept on the floor”, maneno ya mwisho yanajibu swali la wapi. Hayo ni maelezo ya ziada, si yambwa. Si kila kinachokuja baada ya kitenzi kimetendwa jambo.

Mtego wa pili ni vitenzi vya kuwa. “Asha became a nurse.” Asha alikuwa nini? Muuguzi. Jibu limepatikana, lakini muuguzi si yambwa, kwa sababu Asha na muuguzi ni mtu mmoja. Linganisha na “Asha saw a nurse”, ambako watu ni wawili: Asha anayeona, na muuguzi anayeonwa.

Kwa hiyo baada ya kuuliza “nini?” kunahitajika swali dogo la pili: je, hiki kilichotajwa nyuma ni kitu kingine, au ni yuleyule wa mbele? Kama ni yuleyule, hicho ni kijalizo. Hutokea sana baada ya “is”, “are”, “was”, “become” na “seem”.

Yambwa inayopotea njiani

Kosa la kwanza kwa wingi ni yambwa kutoweka. Mwalimu anauliza, “Have you seen my pen?” Mtoto anajibu, “Yes, I have seen.” Mwalimu anauliza, “Did you bring the money?” Mtoto anajibu, “I brought.”

Kwa Kiswahili angejibu “Ndiyo, nimeiona” au “Nimezileta”. Kalamu imo ndani ya “nimeiona”, kwenye ile “i”. Pesa zimo ndani ya “nimezileta”, kwenye ile “zi”. Mtoto akihamia kwenye Kiingereza anatafsiri kitenzi na kuiacha herufi ya katikati, kwa kuwa masikioni mwake kitenzi kimeshajitosheleza.

Kiingereza kinataka kile kilichokuwa katikati kitoke nje na kikae nyuma: “I have seen it.” “I brought it.” Vivyo hivyo mgeni anayeondoka baada ya sherehe hasemi “I enjoyed” na kunyamaza. Husema “I enjoyed it” au “I enjoyed the party”.

Hapa kuna habari njema kwa mtoto. Kiswahili kina ki, vi, li, ya, u, i, zi na kadhalika, kila kiambishi kwa ngeli yake. Kiingereza kinavikusanya vyote kwenye maneno mawili tu: “it” kwa kitu kimoja na “them” kwa vitu vingi. Nimekiona, nimeliona, nimeuona, nimeiona: zote ni “I have seen it”. Nimeviona, nimeyaona, nimeziona: zote ni “I have seen them”. Mtoto anayezimudu ngeli zote zile anaweza kumudu maneno mawili.

Kwa watu hali inageuka, kazi inaongezeka. “Ninamsaidia” haisemi kama anayesaidiwa ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinadai kujua. Ndiyo maana daftari linakuwa na sentensi kama “My mother is cooking and I help him.” Mtoto hajasahau jinsia ya mama yake. “M” ya Kiswahili haikuwahi kumuuliza.

Kuna pia tofauti ya kabla na baada ya kitenzi. Kiswahili kina “mimi” na “yeye” mahali popote. Kiingereza kina “I” mbele ya kitenzi na “me” nyuma yake. Ni hivyo kwa “he” na “him”, “she” na “her”, “we” na “us”, “they” na “them”. Kwa “you” na “it” hakuna mabadiliko. Jozi hizo tano zinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, karibu na mahali mtoto anapofanyia kazi zake za shule.

Yambwa inayorudiwa mara mbili

Kosa lingine ni kinyume cha hilo. Mtoto anaandika “The book which I read it is good.” Mwalimu anakata “it”, na mtoto haelewi, kwa sababu jana tu alikosolewa kwa kuiacha.

Jibu liko tena kwenye Kiswahili. Katika “kitabu nilichokisoma”, kitabu kimetajwa mara mbili ndani ya neno moja: kwenye “cho” na kwenye “ki”. Kiswahili kinaruhusu. Kwa Kiingereza “which” imeshachukua nafasi ya kitabu, kwa hiyo “it” inakuwa ya ziada: “The book which I read is good.” Hivyohivyo “the teacher whom I saw him” inabaki “the teacher whom I saw”.

Nisubiri, nisikilize, usinicheke

Sasa turudi kwenye “wait me”. Mtoto anatoka na neno “nisubiri”, ambalo ndani yake lina “ni” ya mimi. Anatafsiri subiri kuwa “wait” na “ni” kuwa “me”. Kimahesabu amepatia. Tatizo ni kwamba “wait” haimpokei mtu moja kwa moja. Inahitaji kineno kidogo katikati: “Wait for me.”

Vitenzi vya namna hiyo ni vingi, na vinatumika kila siku. Nisikilize ni “Listen to me.” Niangalie ni “Look at me.” Usinicheke ni “Don’t laugh at me.” Ninaitafuta kalamu yangu ni “I am looking for my pen.” Ninakuombea ni “I pray for you.”

Kinachochanganya zaidi ni vitenzi vinavyofanana maana lakini havifanani tabia. Nijibu inaweza kuwa “Answer me”, bila kineno chochote. Lakini mtu akitumia “reply”, lazima aseme “Reply to me.” Niambie ni “Tell me”, ila “say me” si sahihi.

Upande wa pili wapo watoto wanaoongeza kineno pasipohitajika. Wanaandika “discuss about the problem” kwa kufuata “kujadiliana kuhusu tatizo”, “enter into the room” kwa kufuata “kuingia ndani ya chumba”, na “Juma married with Asha” kwa kufuata “kuoana na”. Vitenzi hivi vya Kiingereza vinapokea yambwa moja kwa moja: “discuss the problem”, “enter the room”, “Juma married Asha”.

Hakuna kanuni moja inayoyamaliza haya yote. Dawa yake ni kujifunza kitenzi pamoja na mkia wake tangu siku ya kwanza. Mtoto asiandike kwenye daftari la msamiati “wait” peke yake. Aandike “wait for somebody”. Asiandike “listen”, aandike “listen to somebody”. Akikikariri kitenzi kikiwa uchi, atakivalisha nguo za Kiswahili.

Mtu na kitu kwa pamoja

Wakati mwingine tendo moja linagusa mtu na kitu. “Baba alininunulia viatu.” Kilichonunuliwa ni viatu, hiyo ndiyo yambwa tendwa. Aliyenunuliwa ni mimi, hiyo ni yambwa tendewa, inayoitwa shamirisho kitondo huko Kenya.

Kiingereza kina njia mbili za kulisema hilo. Ya kwanza inamweka mtu kabla ya kitu: “Father bought me shoes.” Ya pili inaweka kitu kwanza, kisha mtu kwa kineno: “Father bought shoes for me.” Vitenzi kama “give”, “send”, “show” na “teach” navyo vinakubali kumweka mtu kwanza.

Ila “explain” haikubali. Mwanafunzi anayesema “Explain me this question” anatafsiri “Nieleze swali hili”. Sahihi ni “Explain this question to me.” Kosa hili hutokea sana darasani, kwa sababu ni ombi ambalo mwanafunzi analitoa mara kwa mara.

‘Amefiwa’ haitafsiriki

Moja ya mazoezi yanayopendwa katika Kiingereza cha sekondari ni kugeuza sentensi kutoka kauli ya kutenda kwenda kauli ya kutendwa. “The teacher punished the boys” inakuwa “The boys were punished by the teacher.”

Mwanafunzi asiyejua yambwa iko wapi anabahatisha. Anayejua anainyanyua yambwa kutoka nyuma, anaiweka mbele, kisha anachagua “was” au “were” kwa kuangalia hiyo yambwa iliyohamia mbele. Wavulana ni wengi, kwa hiyo “were”, ingawa mwalimu alikuwa mmoja.

Hapo pia ndipo inapoonekana kwa nini makundi mawili ya vitenzi yana maana. Kitenzi kisicho na yambwa hakina cha kunyanyua, kwa hiyo hakiwezi kugeuzwa. “The baby slept” haina kauli ya kutendwa.

Kiswahili kina uhuru zaidi. Kutoka “kufa” kinapata “kufiwa”, na kila mtu anaelewa “Juma amefiwa na baba yake.” Mtoto anayefuata njia hiyo anaandika “Juma was died by his father”, sentensi inayomwacha msomaji wa Kiingereza hajui kilichotokea. Kwa Kiingereza husemwa kwa kitenzi kingine kabisa: “Juma lost his father”, au kwa urahisi zaidi, “Juma’s father died.”

Alama zinapopotea kwenye swali

Mzazi anaweza kufikiri kwamba haya ni ya somo la Kiingereza pekee. Madhara yake hufika mpaka kwenye historia na baiolojia, kwa sababu swali la mtihani nalo lina kitenzi na yambwa.

Maswali haya mawili yanatofautiana kidogo sana kwa macho: “Who succeeded Nyerere in 1985?” na “Who did Mwinyi succeed in 1985?” La kwanza linauliza nani alimrithi Nyerere kwenye urais, na jibu ni Ali Hassan Mwinyi. La pili linauliza Mwinyi alimrithi nani, na jibu ni Julius Nyerere. Mwanafunzi anayeijua historia hiyo vizuri anaweza kukosa yote mawili kwa kuyasoma kama swali moja.

Alama ya kuangalia ni “do”, “does” au “did”. Ikikaa baada ya neno la kuuliza na kufuatwa na jina la mtendaji, basi swali linatafuta yambwa. Isipokuwepo, na kitenzi kikafuata moja kwa moja, swali linatafuta mtendaji.

Katika baiolojia ni hivyohivyo. “Which insect transmits malaria?” inatafuta mtendaji, naye ni mbu. “Which disease does this mosquito transmit?” inatafuta yambwa, ambayo ni ugonjwa. Mtoto akiandika mbu kwenye swali la pili, mwalimu ataweka mkasi, na mzazi ataambiwa kwamba mtoto hajui malaria inaenezwaje.

Robo saa ya jioni

Haya yote hayahitaji mzazi awe mwalimu. Yanahitaji robo saa, kitabu chochote cha shule na utulivu kidogo.

Kazi ya kwanza ni ya sentensi moja. Mtoto achague sentensi fupi kutoka kitabu cha somo lolote, apige mstari chini ya kitenzi, kisha azungushie duara yambwa kama ipo. Mzazi aulize kwa Kiswahili: nani amefanya? Amefanya nini? Amemfanyia nani? Mzazi asiyejua Kiingereza ataweza kugundua jambo moja muhimu. Kama mtoto hawezi kusema kwa Kiswahili nani alifanya nini, basi sentensi hiyo hajaielewa, hata kama aliisoma kwa sauti bila kukwama.

Kazi ya pili ni ya boksi. Boksi la sabuni au la biskuti likatwe vipande, kila kimoja kiandikwe neno: “Juma”, “ate”, “the ugali”. Mtoto avipange, kisha mdogo wake avivuruge, na kila mpangilio usemwe maana yake kwa Kiswahili. Wakifika kwenye ugali unaomla Juma, somo la nafasi ya yambwa litakuwa limeingia bila kuhubiriwa.

Kazi ya tatu ni ya vitenzi vitano kwa wiki, kila kimoja na mkia wake. Kamusi inasaidia. Kamusi nyingi za Kiingereza, ikiwemo ile ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, huweka alama ya “vt” kwenye kitenzi kinachobeba yambwa na “vi” kwenye kisichobeba. Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo ina alama za “ele” kwa elekezi na “sie” kwa si elekezi. Mtoto akiona kwamba lugha yake mwenyewe ina alama hizo, mambo ya Kiingereza hayatakuwa mageni sana kwake.

Kazi ya nne ni ya kubadilisha. Mzazi anasema jina, mtoto anasema badala yake. “I saw Asha”: “I saw her.” “I washed the plates”: “I washed them.” “Mother called Juma”: “Mother called him.” Hii inaweza kufanyika wakati wa kuosha vyombo au njiani kwenda dukani.

Yapo mambo ya kuepuka. Kumkataza mtoto Kiswahili nyumbani ili “azoee” Kiingereza kunamwondolea ngazi anayoikanyaga. Kucheka matamshi yake kunamfunga mdomo. Kusahihisha kila kosa kwa wakati mmoja kunamchosha. Ni afadhali wiki nzima ya “it” na “them” kuliko jioni moja ya sarufi yote.

Mengine yatabaki kwa mwalimu. Nyakati za vitenzi, tahajia na insha ndefu zinahitaji darasa, na mzazi asijilaumu kwa kutozimudu. Anachoweza kufanya ni kwenda shuleni na swali lililo wazi. Badala ya kumwambia mwalimu “mtoto wangu hajui Kiingereza”, anaweza kufungua daftari na kusema: “Mwalimu, mwanangu anaacha yambwa baada ya kitenzi, na vineno kama ‘for’ na ‘to’ vinampotea. Naomba umwangalizie hapo.” Mwalimu mwenye wanafunzi wengi darasani atajua pa kuanzia.

Njia ya haraka ya kuanza ni kuchukua daftari la Kiingereza la muhula uliopita. Mzazi na mtoto wakae pamoja, wahesabu ni makosa mangapi yaliyotokana na yambwa iliyoachwa, mangapi na iliyorudiwa, na mangapi na kineno kilichosahaulika au kuongezwa. Kundi litakalokuwa kubwa kuliko mengine ndilo la kushughulikia wiki hii.